Msafiri wa Miembeni na Kibanja cha Baba Yake

Tangu nipigiwe simu kwamba yule mama mwenye duka la vitambaa pale Miembeni amefariki, sijatulia. Nakaa, nasimama, naandika, nafuta. Wasomaji wangu wa Bukoba mnamjua: ndiye aliyekuwa akifunga duka ghafla, akibeba begi lake mgongoni na kupotea. Hakuolewa, wala hakusubiri kundi la kusafiri nalo. Wateja walimuuliza, "Waitu, mwenzetu, unakwenda na nani?" Akajibu, "Na miguu yangu." Alipotaja Vietnam mtaa mzima ulicheka. Mimi nilimwonea wivu, maana habari za dunia naziandika nikiwa nimekaa.

Safari ile aliacha kiporo nyumbani. Kaka zake wawili walikuwa wamepata mnunuzi wa kibanja cha baba yao kule Muleba, chenye migomba, mibuni na makaburi ya wazazi wote wawili. Ilibaki sahihi yake tu, naye aliahidi kuitia akirudi. "Mimi kwangu ni begi," aliniambia, na alimaanisha.

Huko Vietnam alizunguka kwa basi na treni. Alikuta mibuni kama ya kwao, na makaburi katikati ya mashamba ya mpunga. Katika kijiji kimoja alipanga chumba kwa bibi mmoja, akampa zawadi ya akamwani, zile kahawa za kutafuna ambazo kwetu mgeni na mwenyeji huzitafuna papo hapo. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kwenye meza ndogo yenye ubani na picha ya kijana, akaziacha hapo. Msafiri wetu akanuna, akidhani zawadi imekataliwa. Mkwe wa bibi, aliyejua Kiingereza, ndiye aliyemweleza kwamba marehemu huonjeshwa kwanza, na kwamba yule pichani ni kaka yake bibi, aliyekwenda vitani na hadi leo hajulikani alikolala. Kisha bibi, mkwe akitafsiri, akauliza, "Wa kwako wamelala wapi?"

"Shambani kwetu."

"Mahali penyewe unapajua?"

"Napajua."

Bibi akamshika mkono. "Una bahati," akasema. Mama yule aliniambia aliona aibu hata chakula kikamshinda.

Aliporudi alikataa kutia sahihi. Kaka yake mkubwa alimuuliza mbele yangu, "Dada, hao watu wamekuloga?" Akajibu, "Wameniuliza swali tu, kaka." Walinuniana muda mrefu. Nami hujiuliza, sisi tunaokwenda mbali na kurudi na picha za simu, ni nani huko tulimpa nafasi ya kutuuliza chochote?

Wiki iliyopita tulimzika Muleba, kando ya mama yake. Kaburi walilichimba kaka zake wenyewe. Yule mkubwa, matope hadi magotini, alitugeukia waombolezaji akasema, "Yule mnunuzi, kama yupo hapa, atusamehe. Hapa hapauzwi." Akalia bila kujificha.

Kibanja cha babu yangu kule Nshambya kiliuzwa na wakubwa kabla sijapata sauti. Baada ya mazishi nilikwenda kupatafuta alipolala. Nilikuta ukuta na geti, na mlinzi akaniuliza nina shida gani. Wewe ambaye bado unaingia kwenu bila kuulizwa shida yako, usikimbilie kutia sahihi.