Mimi, mrina asali wa Lubondja, nilivyoacha asali ili nipate mke mjini Baraka

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, kama humu kuna wakubwa zangu. Wengine wote marahaba.

Juzi nilisomewa uzi wa kijana analia ameshindwa kuacha soda. Siku tatu tu, kashindwa! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia mjukuu wangu, hebu andika ya babu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza hata nyuki mmoja.

Mjukuu anasema Kiswahili changu cha Fizi, huku Kongo, mtakicheka, kwa hiyo amekinyoosha. Ila maneno ya watu nimemwambia ayaache vile vile yalivyosemwa.

Basi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wapo, mimi kijana wa miaka ishirini hivi, kwetu Lubondja. Kazi yangu ilikuwa kurina asali. Mizinga ya magogo tunaiweka juu ya miti mirefu, nyuki wakishajaza unapanda na moshi, unakata masega. Asali tunaishusha Baraka, ziwani, tunabadilishana na chumvi na ndagala, wale samaki wadogo wakavu.

Kwetu anayepanda mti ana haki ya kipande cha kwanza cha sega. Anakila huko huko juu, kwa sababu ndiye aliyeumwa na nyuki.

Mimi hiyo haki niliivuta mpaka basi. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tano. Nikishuka nalamba kisu. Nyumbani muhogo nachovya kwenye asali. Mama alisema hata usingizini nilikuwa nalamba midomo. Meno mawili yalishaoza na mimi naona sawa tu.

Sasa Baraka kulikuwa na binti anaitwa Riziki. Alikuwa anauza ndagala sokoni. Wakuu, sitaeleza uzuri wake, mjukuu anaona aibu kuandika. Nilimpenda, naye akanipenda, akaniambia niende kwa baba yake.

Siku ya kwenda nilifuatana na baba mdogo. Tulibeba kibuyu cha asali, kimejaa mpaka shingoni, kimezibwa kwa majani. Ndiyo ilikuwa zawadi ya kubisha hodi. Shangazi wa binti anakifungua mbele ya watu, anaonja, ndipo maneno yanaanza.

Kibuyu nilikibeba mimi. Hapo ndipo kosa lilipoanza.

Kutoka Lubondja mpaka Baraka kwa miguu ni safari ya kutwa. Baba mdogo yuko mbele, mimi nyuma. Tukipumzika kidogo, nafungua majani, natia kidole. Mara moja tu. Mara moja nyingine. Jua likaanza kushuka, nikakitikisa kibuyu, eh! Kinacheza. Asali imeshuka karibu robo.

Mnajua nilifanya nini? Tulipovuka mto, nilijifanya naosha miguu. Nikajaza maji.

Nacheka sasa, lakini siku ile wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Shangazi aliinamisha kibuyu juu ya sahani na asali ikatoka mbio kama chai. Baba mdogo akaangalia paa la nyumba kana kwamba hanijui.

"Hii asali inakimbia ju ya nini?" shangazi akataka sababu. "Nani alitia mayi?"

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikula mu njia."

Baba yake Riziki alikuwa mvuvi, Papa Asukulu (papa kwetu ni baba), mtu wa maneno machache. Aliniangalia, akauliza: "Kijana, ulikuya kuoa mutoto yangu ao asali?"

Wanawake wakaangua kicheko. Riziki hakucheka. Alikuwa mlangoni, akaingia ndani.

Papa Asukulu akaendelea, pole pole: "Mi iko muvuvi. Kila siku natosha samaki mu mayi, na kuko siku batoto yangu balikula sombe tupu ju samaki ilikuwa ya benyewe. Mutu mwenye kula mali ya safari, kesho atakula chakula ya batoto yake."

Sombe ni kisamvu; yaani samaki aliowatoa majini walikuwa na wenyewe, hakuwagusa. Akanipa sharti. Nirudi baada ya msimu wa asali, na kibuyu kilichojaa. Na mpaka siku hiyo, asali isiingie mdomoni mwangu. Hata tone.

"Na nani atanichunga, Papa?"

"Hakuna. We mwenyewe."

Akaniambia pia, bila kuficha, kwamba kuna karani mmoja wa pamba ameshaleta maneno. Karani mwenye baiskeli! Nikishindwa, binti ataenda kwa karani.

Tukirudi, tulipoanza kupanda mlima, baba mdogo akasema, "Basi hata mayi ungetia ya kuchemusha."

Wakuu, nyinyi mnaacha soda wakati soda iko dukani. Mimi challenge yangu ilikuwa kuacha asali huku kazi yangu ni asali. Naishika, naibeba, inanitiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma vibaya. Nilikuwa mkali, nagombana na mbuzi. Nikabuni dawa: kabla ya kupanda mti natafuna majani ya mubilizi, yale machungu ya kutibu tumbo, mpaka mdomo wote unakuwa mchungu. Na huko juu kipande cha kwanza nakitupa chini kwa siafu.

Mama akaogopa. Nyumbani asali inajaa vyungu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na mwanawe hagusi. "Mutoto wangu bamemuroga," akawaambia majirani. Nikapata kikohozi, akaniletea dawa kwenye kikombe. Nikanusa: ndimu na asali!

"Kunywa, ni dawa."

"Mama, siwezi."

"Kumbe unataka kufa ju ya mwanamuke?"

Nikasema ndiyo. Nikakohoa wiki mbili.

Lakini siku mbaya kuliko zote ilikuwa mwisho wa msimu. Niko juu ya mti, mkono mmoja umeshika tawi, wa pili una kisu. Sega likapasuka juu yangu, asali ikanimwagikia usoni, ikateremka mpaka kwenye midomo. Ya moto moto bado. Msitu mzima hakuna mtu. Ulimi wenyewe ulishaanza kutoka, nasema kweli.

Nikakumbuka "we mwenyewe". Nikabana midomo, nikashuka mti hivyo hivyo, pua inapumua kama ng'ombe, nyuki wananifuata. Nikakimbia mpaka kijito, nikatumbukiza uso wote. Nilipoinuka nililia. Sikulia kwa uchungu, nililia kwa furaha, maana pale ndipo nilipojua nimeweza.

Tukarudi Baraka. Baba mdogo akataka kubeba kibuyu yeye. Nikakataa, nikakibeba mwenyewe kutwa nzima, hatukukifungua.

Shangazi akainamisha. Asali haikutoka. Akangoja. Ikaja pole pole, nzito, ikaning'inia kama kamba. Alipoonja, alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Papa Asukulu hakusimama. "We, ulionja?"

"Hapana, Papa."

"Basi unajua je kama iko muzuri?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikasema ukweli: "Sijui, Papa. Riziki ndiye ataniambia."

Riziki akatoka, akachovya kidole, akaniangalia machoni mbele ya watu wote. "Iko tamu," akasema.

Mzee akageuka kwa dada yake. "Yule karani, mumutumie habari. Asichokeshe tena baiskeli yake."

Wakuu, nilioa! Tukazaa watoto saba. Asali naila mpaka leo, kijiko kimoja Jumapili, natosheka.

Nilichojifunza ni hiki: niliacha siku nilipojua hakuna wa kunikamata. Ningekuwa na mlinzi, ningemkwepa tu, kwa sababu kukwepa nilikuwa fundi.

Na wewe, ulishinda nini bila mtu kukuona? Andikeni hapo chini, hata kama ulishindwa. Riziki yuko hapa pembeni, anataka asomewe zote.