Kitambaa cha Selina hakichuji tena

Saa moja asubuhi, mvua imekatika, na nyumba ya Selina Agutu huko Mkolani, pembezoni mwa mji wa Mwanza, imeshaanza kutoa mdundo. Anakanyaga ubao wa chini wa mtambo wake wa kufumia, nyuzi zinaachana. Anapitisha kijiti chenye uzi, anavuta, tap! Kitambaa cha kahawia kinasogea upana wa uzi mmoja.

"Mtambo huu hauna mota. Mota ni magoti yangu," anasema akicheka, bila kusimamisha kazi.

Selina, au Mama Favour kwa wanaomfahamu, ana umri wa miaka 43 na ni mzaliwa wa Shirati. Kwa miaka kumi na mitatu alifuma katika kiwanda kimoja cha nguo mjini, hadi kilipofungwa mwaka 1994, wakati mitumba imeshajaa sokoni.

"Tulikuta tangazo getini. Wengine walilisoma mara tatu, kama vile maandishi yatabadilika."

Alikaanga samaki, akauza maandazi. Kisha siku moja, akiwa Buswelu, akamkuta Bibi Kija barazani akisokota pamba kwa mkono, anatengeneza tambi za vibatari.

"Shikamoo, bibi. Uzi huu unaweza kufika urefu gani?"

"Marahaba, mwanangu. Utafika pale pamba itakapoishia."

Jibu hilo halikumtoka kichwani. Alimweleza fundi seremala, Venant, jinsi mtambo unavyokaa, akiuchora chini kwa kijiti, naye akamchongea. Wanawake sita wa Buswelu wakakubali kusokota. Mkulima mmoja jirani yao, Mayala, akawaachia magunia mawili ya pamba, akiahidi kuongeza msimu unaofuata kama kitambaa kingepata wanunuzi.

Oda ya kwanza kubwa ilitoka kanisani: skafu ishirini na nne za kwaya, kwa ajili ya Pasaka ya mwaka jana. Selina alizitia rangi kwa magome ya mgunga. Zilipendeza mno.

Ila ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Wanakwaya wakiwa kwenye maandamano, mvua ikawanyeshea, na skafu zikachuja. Mashati meupe yote yakawa na michirizi ya kahawia, kuanzia begani hadi kiunoni.

"Niliwaona wakiimba huku wanajitazama vifua," anakumbuka. "Nilitamani ardhi inimeze."

Jumatatu, mwalimu wa kwaya, Antoni, alizirudisha zote ndani ya mfuko. Hakufoka. "Mama Favour, kazi ni nzuri, lakini watu wametucheka," alisema, akaondoka.

Mayala naye akaja. Wafanyabiashara wapya wa pamba walikuwa wanapita vijijini na malori, wanalipa hapohapo. "Dada, nina watoto. Msimu ukifunguliwa, nitawauzia wale."

"Nisubiri hadi Pentekoste," Selina alimwomba. "Nikishindwa, nitakusaidia mwenyewe kupakia."

Alichemsha magome kwa chumvi, kwa majivu, kwa siki. Rangi ikaendelea kutoka. Hatimaye akarudi kwa Bibi Kija, ambaye alimsikiliza, kisha akauliza, "Shabu umeweka?"

Shabu, lile jiwe jeupe ambalo kila nyumba ya ziwani hutumia kutuliza tope la maji ya kunywa! Lilikuwa jikoni kwake siku zote. Alilowesha kitambaa kwanza katika maji ya shabu, ndipo akakitia katika rangi.

Wiki moja kabla ya Pentekoste, aliwaita Antoni na Mayala. Antoni akatoa mfukoni leso yake nyeupe, akaifunga pamoja na skafu, akazisugua kwa sabuni ndani ya beseni. Alipoikamua leso, ilitoka nyeupe vilevile.

Antoni akaitandaza juani, akaigeuza pande zote. "Basi tutavaa," akasema.

Mayala alikuwa ameinamia beseni, akiyachunguza yale maji. "Magunia matano," akasema. "Mengine nitawauzia wenye malori. Watoto nao wasome."

Leo wasokotaji ni kumi na wanane, na mwezi ukiwa mzuri Selina hupata kama shilingi elfu thelathini na tano. Bibi Kija ameacha tambi; sasa anafundisha wenzake. Venant anachonga mtambo wa pili, utakaowekwa Buswelu, ili uzi ufumwe palepale unaposokotwa.

Selina haoti kiwanda kikubwa. Anataka jambo moja.

"Nipishane njiani na mtu nisiyemjua kabisa, amevaa kitambaa chetu, tena kimechakaa kwa kuvaliwa," anasema. "Nitamsalimia tu, nipite zangu."