Siku Nilipobonyeza Vitufe Vyote Vinne

Naomba mcheke taratibu, maana hili jambo mpaka leo likinijia nikiwa naoga huwa nafunga maji kwanza, nasimama, natikisa kichwa, ndiyo naendelea. Mimi ndiye yule mtu ambaye sauti yake ilisikika kwenye spika harusini kule Kinole akimsema mjomba wa bibi harusi, mbele ya mjomba mwenyewe, mbele ya shehe, mbele ya ukoo mzima uliokuwa unasubiri pilau. Mlioambiwa kijiweni kwamba siku hiyo nilikuwa nimelewa, mmedanganywa, mimi pombe sijawahi kuonja. Nilikuwa nimebonyeza vitufe tu.

Naitwa Shomari, nina studio ndogo Mji Mpya, Morogoro (nikisema studio msifikirie makubwa, ni chumba kimoja chenye magodoro ya zamani ukutani ya kuzuia mwangwi, na paka wa jirani anayeamini pale ni kwake). Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Zuhura, binti wa Kinole anayeuza viungo sokoni hapa mjini, na nilimpenda kwelikweli, mpaka nilikuwa nanunua mdalasini kila nikipita wakati kwangu sipiki. Sasa kwa Waluguru, kama hamjui, baba wa binti utamsalimia na chai utakunywa naye, lakini mwenye neno la mwisho ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba wa Zuhura ni Mzee Mkude. Washenga wangu walipopanda mlimani kwake akawaambia, "Huyu mdogo. Aolewe dada yake Mwajuma kwanza, harusi ikiisha salama nitawapa jibu." Kwa hiyo jibu langu mimi likawa limening'inia kwenye harusi ya watu wengine.

Mzee Mkude huyohuyo ndiye anayeongoza kaswida pale kijijini, yeye anatoa ubeti na wenzake wanaitikia kwa dufu, na kwenye harusi ya Mwajuma asingeweza kuimba kwa sababu yeye ndiye wa kumkabidhi bibi harusi. Akasema angependa kaswida yake irekodiwe ili ipigwe kwenye spika maarusi wakiingia. Kusikia tu neno "irekodiwe" nikaruka, nikasema mjomba, hiyo niachie mimi, na hata kukohoa hujakohoa itakuwa tayari.

Basi nikapanda na rafiki yangu Kondo, dereva wa bodaboda, maiki zangu mgongoni na kompyuta kifuani, na ilikuwa imenyesha, tukateleza, tukasukuma pikipiki, tukafika suruali zimekuwa rangi ya njia. Sebuleni kwa Mzee Mkude nikaweka maiki moja mbele ya waimbaji na nyingine pembeni, karibu na dirisha, ya kunasa mwangwi wa chumba ili kaswida isisikike kavu. Halafu mimi na Kondo tukakaa, wapi? Hapohapo dirishani, chini ya hiyo maiki ya pembeni. Wazee wakaanza kuimba, madufu yakalia mpaka vikombe kabatini vikatetemeka, nami kwa uchovu na njaa nikaanza kumnong'oneza Kondo mambo yangu nikijua kelele zile zitafunika kila kitu. Tulinong'ona nini? Subirini, mtasikia kama walivyosikia wao.

Rekodi ikatoka nzuri, nikaisafisha kidogo, nikamtumia mzee kwenye simu, akasema ameipenda. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeishia. Lakini mimi wiki hiyo nilikuwa nimepata kompresa mpya (siyo ile ya fundi matairi, hii ni programu ya kwenye kompyuta), na mtu mwenye kitu kipya mnamjua. Kazi ya kompresa ni kubana sauti inayopiga kelele na kuinua ile ya chini, zikutane katikati, msikilizaji asikose kitu. Zamani ilikuwa chuma kizito cha kwenye studio kubwa za ng'ambo, tangu enzi za babu zetu, na vyuma hivyo sasa ni adimu, hivyo kuna watu wamekaa wakavipima na kuviiga ndani ya programu, vifundo vyake vya kuzungusha, mshale wake unaochezacheza, mpaka rangi iliyobabuka pembeni wameichora. Hiyo ya kwangu ilikuwa na vitufe vinne vya kuchagua ibane kiasi gani, na unatakiwa kubonyeza kimoja. Ila mafundi wa zamani kwa ukorofi wao waliwahi kubonyeza vyote vinne kwa mkupuo, ikatoka sauti ya ajabu, chumba kizima kinapumua, na walioiga chuma wakaiga na ukorofi wake. Nilimwona mzungu mmoja kwenye video anafanya hivyo kwenye maiki yake ya pembeni, anafumba macho kwa utamu.

Nami nikabonyeza vyote vinne. Kwenye maiki ya pembeni.

Mama yangu! Dufu lilinguruma kama limo tumboni mwangu. Nikataka kusikiliza kaswida yote kwenye spika, umeme ukakatika, nikavaa hedifoni ambayo upande wake wa kulia ulishakufa siku nyingi (na sauti ya maiki ya pembeni nilikuwa nimeielekeza, mnakisia wenyewe, kulia). Kushoto nikasikia kaswida safi, nikaridhika, nikaitia kwenye flashi kabla betri haijaisha. Sikujua kwamba kule kulia ile programu ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa: madufu yakipiga inayabana, madufu yakipoa inainua kila kilichobaki chumbani.

Siku ya harusi nikavaa kanzu mpya, nikampa DJ flashi, nikamwamkia kila mwenye mvi, shikamoo mpaka kwa watu ninaowazidi umri. Zuhura alikuwa mlangoni na dada zake, akanitazama akainamisha macho akitabasamu, na moyoni nikasema leo leo. Maarusi wakatokeza, vigelegele vikapasuka, na DJ (Mungu amsamehe) akashika kipaza sauti, "Kaswida hii imerekodiwa na kijana wetu Shomari, yule pale mwenye kanzu nyeupe, simama wakuone!" Nikasimama, nikapunga mkono, uwanja mzima ukanigeukia.

Madufu yakalia, watu wakashangaa utamu wake. Mzee Mkude akatoa ubeti wa kwanza kwenye spika, akawaombea maarusi kheri na baraka, madufu yakapoa kumpisha avute pumzi, na hapo, kwa sauti pana kuliko ya mzee mwenyewe, nikaitikia mimi:

"Kondo, huyu mzee anaimba kama jenereta linalotaka kuzimika."

Jamani. Nilisikia ile sauti na kwa sekunde kadhaa nikawaza, ni mpumbavu gani huyo? Halafu nikaitambua, ni yangu. Kaswida ikaendelea, ubeti wa pili, dua ya watoto wema, madufu yakapoa, na mimi tena, "Mchana ndizi tena? Nikila ndizi nyingine nitaota mgomba." Na sauti ya Kondo, "We nyamaza bwana, watakusikia." Na mimi, nacheka kabisa, "Wanisikie wapi na madufu haya!"

Watu walianza kucheka. Bibi mmoja aliyekuwa mkekani akapiga paja, "Jenereta! Kweli tupu!" na nikamwona Mzee Mkude mwenyewe mabega yanamtikisika, anacheka, nikapata tumaini la kijinga. Nikaanza kukata katikati ya watu kumfuata DJ huku nampungia zima, zima, naye akadhani nashangilia kazi yangu, akaongeza sauti. Nikajikwaa kwenye kamba ya turubai, nikaangukia magoti mbele ya shehe, na nikiwa hivyohivyo nimepiga magoti, kanzu mpya topeni, ubeti wa tatu ukaisha.

"Mzee nimeshampanga," nikasema spikani. "Nimemwambia sauti yake inafaa redioni, kalainika kama papai. Ngoja nimchukue Zuhura wangu, mlima huu sipandi tena. Wakitaka kuwaona watoto watateremka wenyewe mjini."

Hapo hakuna aliyecheka. Watu wengi namna ile na unasikia pilau inavyochemka. Yule bibi wa mkekani akajifunika khanga mdomoni. Nikainua uso kumtazama Zuhura, hakuwapo mlangoni. Mzee Mkude akainua mkono, DJ safari hii akaelewa.

"Rudisha hapo mwisho," mzee akasema.

DJ akarudisha. Tukasikiliza tena sote, mimi nikiwa bado nimepiga magoti, nikiombea ardhi ya Kinole inayoporomokaga kila masika iporomoke sasa hivi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamshika Mwajuma mkono akamkabidhi kwa mumewe kana kwamba hakuna kilichotokea, na harusi ikaendelea. Watu walikula. Mimi niliketi nyuma ya turubai na sahani yangu, na Kondo kando yangu anarudia tu, "Nilikwambia nyamaza, si nilikwambia?"

Baada ya chakula nikaitwa barazani. Nikaamkia tena.

"Marahaba," Mzee Mkude akasema. "Kaa. La jenereta sina neno nalo, hata marehemu mke wangu alikuwa akinitania hivyo. Na ndizi ungesema, ungesongewa ugali. Hatukukunyima."

"Nisamehe mjomba, ilikuwa ni utani tu wa—"

"Sikiliza. Watoto atakaowazaa Zuhura ni wa ukoo huu. Majina yao yako hapa, mashamba yao yako hapa, na wakifa watalala hapa na watu wao. Mwanaume anayesema mlima huu hapandi tena, huyo haji kuoa, anakuja kuchukua. Washenga wako walikaa hapohapo ulipokaa wakasema utakuwa mtoto wetu. Pembeni ukasema hili. Sasa mimi nishike lipi?"

 Mimi saa zote zile nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi kwa jenereta, kumbe jenereta lilikuwa kichekesho, na maneno niliyoyasema bila hata kuyafikiria, ya mtu wa mjini aliyechoka na utelezi, ndiyo yaliyokuwa yamewachoma. Sikuwa najua. Nilimpenda binti mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza watoto wake watakuwa wa nani.

Zuhura akatokeza mlangoni, macho mekundu. "Ungeniambia mimi kwamba hutaki kupanda huku, ningekujibu," akasema. "Umekwenda kumwambia Kondo." Akarudi ndani.

"Jibu la posa," mzee akasema akiinuka, "umeshalitoa mwenyewe."

Niliteremka mlima ule na Kondo, na kwa mara ya kwanza utelezi sikuuona. Nilifuta ile programu, kisha nikairudisha, maana kosa halikuwa lake, yenyewe ilitoa kilichokuwamo. Wateja walinitania miezi kadhaa, mmoja aliingia studio akaanza kwa kuniuliza, "Leo unanionaje, jenereta au papai?" Nikazoea.

Halafu mvua za masika zikaanza, simu ikaita, Mzee Mkude.  Akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mama, akasema, "Ile kaswida yako bado watu wanaisifia, madufu yalivyolia. Wazee wanataka uje uturekodie nyingine."

Jamani, nilisimama nikaigonga meza kwa furaha, nikajua nimesamehewa, nikaona washenga wangu wanapanda tena. "Nakuja mjomba! Ya nini hiyo?"

"Ya harusi ya Zuhura. Anaolewa na kijana wa Matombo."

Nilikuwa nimeshasema nakuja, na mdomo wangu mimi mnaujua. Nikapanda. Nikaweka maiki sebuleni palepale, nikawasha, nikatoka nje nikafunga mlango nyuma yangu, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo kwa kila mteja, na kijiweni pia neno nisiloweza kumwambia mwenyewe simwambii wa pembeni, nalimeza hata likinikwama. Mvua ilikuwa inanyesha ya kutosha. Nikabana ukutani chini ya bati, ndani Mzee Mkude akatoa ubeti wa kumwombea kheri bibi harusi, na Zuhura akapita na sinia la vikombe kuelekea jikoni, akasimama.

"Shomari, ingia ndani, unalowa."

"Hapa pananitosha, dada," nikamjibu, na sikuwahi kumwita dada kabla ya siku hiyo.