Kuku wa Mjomba na Mguu wa Punda

Mtoto wa punda wa mjomba alivunjika mguu wa nyuma alipotumbukia kwenye mfereji wa shamba la mpunga, kijijini Mohoro. Angekuwa ndama, angechinjwa siku hiyohiyo. Punda hatumli, kwa hiyo hakuna aliyeleta kisu. Nikaitwa mimi, niliyesomea udaktari wa mifugo.

Nilimlaza kwa dawa chini ya turubai uani, nikampasua, nikaushika mfupa kwa pini mbili za chuma nilizoomba kwa mwalimu wangu wa chuo. Kisha nikashona na kufunga hogo la plasta. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya kwa mbwa tu, tena mwalimu akiwa pembeni. Sikumwambia mtu.

Nikiwa nanawa, mjomba akakamata kuku, akamvunja mguu, akamfunga vijiti vya mwanzi. Kwetu waganga wa mifupa hufanya hivyo: kuku akitembea, mgonjwa naye hufunguliwa vijiti.

"Sasa huyu kakosa nini?" nikauliza.

"Huyu ndiye kalenda yangu, bwana daktari. Wewe yako iko wapi?"

Nikacheka. Nikasema punda afungiwe bandani miezi miwili, lakini nilisema nikiwa tayari nimekalia pikipiki ya kurudi Kibiti. Hakuuliza kwa nini. Nami, ninayemsumbua kila mtu kwa maswali, sikueleza.

Wiki ya tatu akapiga simu, sauti imechangamka. Kuku anatembea. Hogo la punda mjomba kalipasua mwenyewe, taratibu, na mtoto wa punda kamfuata mama yake shambani.

Nilifika kesho yake mchana. Mtoto wa punda alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Wa nne ulining'inia, pini moja imepinda na kutoboa ngozi.

"Tia chuma kingine," mjomba akasema.

"Mfupa umesagika, mjomba. Hakitashika."

"Kuku ulimwona. Ungeniambia nisimfuate, ningekubishia wewe msomi?"

Mpaka leo sijui kama pini zangu zingeshika hata kama angebaki bandani. Nikijiuliza, najikuta natafuta jibu la kunisafisha.

Nikavuta dawa ya kumuua kwenye sindano. Mjomba akamkumbatia punda shingoni.

"Itamuuma?"

Nikamweleza yote: dawa gani, inaingia mshipa upi, ataangukia upande gani, na kwamba pumzi zitaendelea kidogo baada ya macho kutulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea, akanipisha.