Kiti cha Dirishani cha Sibylle

Dada Sibylle Hopf alifinyanga maua katika kiwanda chetu cha kauri, na mimi nilikaa ubavuni mwake nikifinyanga majani. Ua lake la waridi lilikuwa dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kila petali aliikandia kiganjani mwake. Nyumbani hakufua wala hakuvuna viazi, maana kiganja chenye sugu huchana udongo. Veit, mumewe, ndiye aliyefua, na mtaa mzima ulimcheka.

Kilichomkera Sibylle ni dirisha. Macho yalikuwa yanafifia, na asiyeona petali hana kazi kwetu. Tulikuwa na dirisha moja tu la maana, na hapo palining'inia tundu la kinega, ndege mwimbaji wa msimamizi, Bwana Kessling.

"Ndege akikosa jua haimbi, mama," alisema Kessling.

"Na mimi nikikosa jua nifanye nini, Bwana? Niimbe?"

Mungu anisamehe, mara nyingi nilitamani kumtia yule ndege kwenye soksi.

Ikaja kazi ya harusi ya binti wa Mtawala: vyombo vya meza yake ya kujipambia. Kopo la poda, kisanduku cha vidoa vyeusi vya kubandika shavuni, kijaluba cha pini, vyote na vifuniko vya waridi. Vilitakiwa kabla ya Pentekoste. Kessling akaahidi mbele yetu: vikitoka tanurini salama, kiti cha dirishani ni cha Sibylle.

Akafinyanga huku pua inagusa udongo. Kila asubuhi Kessling alipita na neno lake: "Ongeza waridi."

"Bwana, hapajabaki pa kushika. Huyo bibi harusi atafungua vipi?"

"Atafunguliwa na mjakazi."

"Na mjakazi atashika wapi?"

"Ongeza waridi, mama."

Akaongeza. Veit naye alifanya kazi kiwandani, ndiye aliyepanga vyombo tanurini, kila kimoja ndani ya kasha lake la udongo. Kwetu hata mtoto anajua: kauri ikiungua husinyaa na kujikunja, kwa hiyo kifuniko huchomwa kikiwa kimekaa juu ya chombo chake, visinyae pamoja kama mke na mume. Veit alijua kuliko wote.

Tanuri lilipopoa tukafungua. Waridi zilitoka nzuri, hata moja haikuvunjika. Lakini vifuniko vilikuwa peke yake, mviringo safi, na vyombo peke yake, vimevutika kama mayai. Sibylle akajaribu kifuniko cha poda juu ya kopo. Kikacheza. Akakigeuza. Kikatumbukia.

"Veit. Ulivitenganisha?"

"Waridi zilikuwa ndefu, mke wangu. Niliona zitagusa paa la kasha, nikaziogopea."

"Kasha refu hukuliona?"

"Lilikuwa chini kabisa, limelaliwa na mengine..."

"Ee Bwana Yesu! Unafua soksi zangu kwa mapenzi, unanimaliza kwa mapenzi!"

Veit akajifuta masizi mikononi. Kessling akafika anafoka: harusi, Mtawala, aibu, na kiti cha dirishani asikiote tena.

Sibylle akampa mgongo. Alirudi chumba chetu cha kazi, akalitungua tundu la kinega, akampa Veit. "Kalitundike ukumbini. Na hili usilitenganishe na mlango wake." Kisha akavuta kigoda chake mpaka dirishani, akaketi.

"Toka hapo!" alisema Kessling. "Tuliahidiana vikitoka salama!"

"Vyote vinaanza upya, Bwana, vyombo na vifuniko. Pentekoste haingoji. Gizani nitachelewa, hapa nitawahi. Kama una mwingine wa kufinyanga waridi hizi, mwite, nimpishe."

Kessling alitutazama mmoja mmoja. Mimi nikainamia majani yangu, nikiomba kimoyomoyo. Mwisho akasema, "Basi punguza waridi. Pawe na pa kushika."

"Nilikuwa nangojea neno hilo," alisema Sibylle, akanyoosha mkono nimpe udongo.

Vyombo viliondoka na gari la farasi kabla ya sikukuu, kila kifuniko juu ya chake. Safari hii Sibylle alisimama mlangoni mwa tanuri mpaka kasha la mwisho likaingia, huku Veit akimlalamikia kuwa anamzibia mwanga. Alikaa dirishani hadi uzee wake. Kinega naye aliimba ukumbini kwa sauti kubwa kuliko zamani, gizani huko huko, na kila alipoanza Sibylle alimtazama Kessling.