Ruhusa ya Kuangalia Tu

Wifi yangu hana makuu. Alipoolewa kwetu alikuwa karani wa duka la vipuri, akaikuta karakana ya baba yangu ina kila kitu isipokuwa utaratibu. Bila kuombwa na mtu akafagia kile chumba cha pembeni tunachokiita ofisi, akaingiza meza, akakaa. Kaka yangu, yaani mumewe, ni dereva wa lori na hajui tofauti ya randa na patasi, kwa hiyo mambo ya baba yaliangukia mikononi mwa mkwe. Mimi nashona vitambaa vya makochi upande wa pili wa ukuta wa mbao, ukuta usiozuia hata kikohozi. Ndiyo maana haya nayajua. Na nayasema kwa sababu watu wamemsema wifi vibaya, na wengi wao hawakuwepo.

Baba ni seremala. Kila mlango na kila kitanda alichowahi kutengeneza alikichora kwanza kwa penseli, na michoro hiyo alikuwa akiirundika juu ya kabati. Msimu mmoja wa mvua bati likavuja, tukakuta nusu ya makaratasi yamegeuka uji. Baba hakulalamika. Aliyaanika yaliyobaki juu ya mbao, moja moja, kama nguo za mtoto mchanga. Wifi alimtazama kutoka mlangoni, na wiki iliyofuata akajiandikisha mafunzo ya kompyuta kwa wanaoanza, apate kujua namna ya kuihifadhi ile michoro mahali ambapo maji hayafiki.

Akarudi na maneno mapya. Kuna kitu kinaitwa wingu, akatueleza, ila si hili la mvua. Ni kompyuta kubwa za watu, ziko mbali huko, unakodi nafasi ndani yake, unaweka vitu vyako, kisha unavifungua popote ulipo kwa simu yako. Baba akauliza kama huko nako hakuvuji.

"Kunavuja, baba, mtu asipofunga vizuri," wifi akajibu.

"Basi funga," baba akasema, akarudi kwenye randa yake.

Mwalimu wao alikuwa amewakazania mambo machache. Akaunti ile ya kwanza unayofungua, waliyoiita akaunti mama, ina nguvu zote, kwa hiyo ukishaitumia kuanzisha mambo unaiweka pembeni na kujitengenezea nyingine ya kazi za kila siku. Pasiwedi peke yake haitoshi, unawasha na hatua ya pili, ile namba inayoingia kwenye simu kila unapotaka kufungua. Halafu kila mtu unampa ruhusa inayotosha kazi yake, basi. Hayo ya mwanzo wifi aliyamaliza siku hiyohiyo, akaipiga picha michoro yote na kuipandisha kule. Hili la mwisho ndilo lililomtoa jasho. Vanishi, mpaka rangi wetu, alimpa ruhusa ya kuongeza picha na kurekebisha michoro, kwa kuwa ndiye anayeshika simu kazi ikikamilika. Mimi alininyima kabisa, nikamnunia siku nzima. Ilipofika zamu ya baba akakwama. Mkwe anaanzaje kumwambia baba mkwe, tena ndani ya karakana yake mwenyewe, kwamba hiki gusa na hiki usiguse? Akampa usimamizi kamili. Hatua ya pili nayo hakumwekea, akisema ni kumsumbua mzee wa watu.

Baba akafurahi. Pasiwedi yake akaiandika kwa penseli ya useremala kwenye fremu ya mlango wa ofisi, kwa herufi kubwa, asije akaisahau. Wifi alingoja baba aende kula, akaipiga msasa, akambadilishia nyingine. Tulicheka mimi na yeye mpaka mbavu zikauma.

Kicheko hicho hakikudumu. Simu ya baba ilijaa, ikawa kila saa inamwambia haina nafasi. Baba akaona picha za milango zimerundikana humo, akajisemea kwamba hizi si ziko kule juu tayari, akazifuta zote. Hakujua kwamba alikuwa anazifuta kulekule juu. Siku ya pili yake nikasikia kiti cha wifi kikisogea, kisha huyo amesimama mbele ya cherehani yangu, midomo imemkauka.

"Wifi, baba amefuta milango yote."

"Muulize basi kwa nini."

"Nitamuuliza kwa mdomo gani?"

Bahati yake, vitu vikifutwa kule havipotei papo hapo. Vinakaa kwanza kwenye pipa kwa muda, na ukiwahi unavirudisha. Wifi aliwahi. Mlango mmoja mmoja ukarudi mahali pake, na baba hakuambiwa neno. Lakini wifi alishaingiwa na woga. Shule inayojengwa ng'ambo ya barabara ilikuwa inataka tuitengenezee milango yake yote, na mwalimu mkuu alishasema atakuja kuchagua mchoro. Siku hiyohiyo wifi akaingia kwenye orodha ya watumiaji, akamtoa baba kwenye usimamizi, akamfanya mtazamaji. Afungue, aone, asibadilishe wala kufuta.

"Mwambie," nikamwambia.

"Hatajua, wifi. Kwani humo anafanya nini zaidi ya kuangalia?"

"Mwambie hata hivyo."

"Naona aibu," akasema, na nilimwona kweli anaona aibu, shingo imemlegea.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, akaja na wajumbe wawili wa kamati ya ujenzi. Baba alikuwa amevaa shati la kutokea. Aliwasimamisha katikati ya karakana, akafungua simu, akawaonyesha mlango mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaacha cherehani nikaja kusikiliza, maana baba akizungumzia mbao anapendeza. Mwalimu mkuu akaupenda mlango wenye kioo juu, ila akaomba kioo kipunguzwe, watoto wasije wakakivunja kwa mpira.

"Hilo ni dogo," baba akasema. Akapitisha kidole kwenye kioo cha simu, akachora mstari mpya, safi kabisa, akabonyeza kuhifadhi. Simu ikaandika kitu. Miwani yake alikuwa ameiacha kwenye benchi, akabonyeza tena.

Mwalimu mkuu akainama kumsaidia. "Inasema huna ruhusa ya kubadilisha, mzee. Wasiliana na msimamizi."

"Msimamizi ni mimi."

Mama wa watu hakuwa na nia mbaya. Alisoma tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa kama msimamizi kilikuwa jina la wifi. Halafu Vanishi, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akasogea na simu yake, mikono imejaa rangi.

"Nipe mimi, mzee, yangu inakubali."

Na kweli ikakubali. Akachora ule mstari wa baba, umepindapinda, akabonyeza, ukahifadhiwa. Wajumbe wakatazama dari. Nilitamani ardhi ipasuke, na wifi aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi sijui alitamani nini, maana uso ulikuwa umemshuka kabisa.

"Mtandao, baba," akasema. "Leo mtandao unasumbua."

Baba aliwasindikiza wageni mpaka barabarani, akaagana nao vizuri, akarudi na kuanza kupanga mbao zilizokwisha kupangwa. Vanishi alikuja kuniuliza amekosea wapi. Nikamwambia aende akasafishe brashi zake.

Kesho yake baba akaingia ofisini, akavuta kigoda. Mimi nilikuwa na kitambaa cha kochi mkononi, sikukishona.

"Mwanangu," baba akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, "kosa langu ni lipi?"

Wifi akaanza tena mambo ya mtandao, akaishia katikati. Kisha akasema yote. Kwamba milango ilifutwa, kwamba aliyeifuta ni baba, kwamba aliirudisha, kwamba alimpunguzia ruhusa kwa kuogopa. Alikuwa analia. Nilisikia kila neno likitoka kwa shida.

"Nilifuta milango yote?" baba akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Na hukuniambia."

"Niliona aibu kukuambia."

"Kuniambia uliona aibu," baba akasema. "Kunifungia hukuona?"

Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani. Baba alikuwa amekosea kweli. Wifi alikuwa amefundishwa vizuri na akafanya alivyofundishwa. Sasa mzee aliaibika mara mbili, mara ya kwanza mbele ya watu kwa kitu asichokijua, mara ya pili mbele ya mkwe wake kwa kitu alichokifanya mwenyewe.

Jioni ile wifi alimrudishia usimamizi. Akamwekea hatua ya pili, akamfundisha kuingia kwa ile namba inayotumwa, akamwonyesha pipa la vilivyofutwa na namna ya kuvirudisha. Yote yale ambayo angemfundisha tangu mwanzo kama asingemwonea huruma. Baba alishika haraka kuliko nilivyotarajia. Aliitikia kila kitu, akashukuru, akazima simu.

Shule ilitupa kazi. Milango tumeitengeneza, imefungwa, watoto wanaipigiza kila siku. Kaka aliporudi safari alisimuliwa, akasema mambo yamekwisha, msiyakuze. Wifi bado yupo mezani pake, michoro ipo salama, na hakuna kitu kimepotea tena tangu wakati ule.

Ila juzi nilikuwa nabandika sponji nikasikia mtu anabisha pale ofisini, pole pole, kwa ukucha. Chumba kile baba alikijenga kwa mikono yake, mlango wake hata komeo hauna, na maisha yake yote aliuingia akiendelea na mazungumzo aliyoyaanzia nje.

"Hodi," baba akasema.

"Karibu, baba. Ni kwako hapa, unabishaje hodi?"

"Nilikuwa naomba kuona mchoro wa dirisha," akasema, "kama inaruhusiwa."

Nilichungulia kwenye upenyo wa mbao. Hakuwa anamkejeli. Ningefurahi angekuwa anamkejeli. Wifi alisimama upesi akamwachia kiti, akasema karibu mara ya pili, na mara ya tatu, na baba akawa bado amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, anangoja.