Siku Shangazi Alipofunga Kisima Chetu

Shangazi yangu alishambuliwa mara tatu katika kazi yake ya ukaguzi wa maji, na mara ya tatu aliyemshambulia alikuwa baba yangu, kaka yake wa tumbo moja.

Kabla ya hapo alikuwa fundi bomba katika kiwanda kinachotoa chumvi kwenye maji ya bahari. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alifungua koki zilizoshika kutu ambazo wanaume walikuwa wamezikatia tamaa. Wenzake walimwita Spana. Sheria ya maji ilipotoka, mamlaka ilimchukua awe mkaguzi, maana ilitaka mtu asiyetishika. Sheria yenyewe ilisema maji yote ya chini ya ardhi ni ya umma, kila kisima kiwe na kibali, na visima vilivyo karibu na pwani vifungwe kabisa. Tulikuwa tumevuta mno. Kila pampu ilipovuta maji matamu, bahari ilisogea chini kwa chini, na chumvi ikaanza kuingia kwenye visima vya kunywa. Waliofungiwa wangeletewa bomba kutoka kiwandani.

Mara ya kwanza, mwenye gereji ya kuosha magari alimfungulia mbwa wawili. Mmoja alimng'ata pajani. Shangazi akamtwanga spana ya utosi, mbwa akafa palepale, kisha akaendelea kufunga pampu huku damu ikimjaa kiatuni. Mara ya pili, dereva wa boza la maji ya wizi alimgonga makusudi akiwa kwenye pikipiki. Mbavu tatu zilivunjika. Baba ndiye aliyemuuguza. Alimlisha uji kwa mkono wake, akaapa kwamba akimpata dereva yule atamtoa utumbo.

"Sheria ni sheria," aliwaambia majirani. "Mdogo wangu anawaokolea wajukuu wenu maji."

Mkuki kwa nguruwe.

Orodha ikatufikia. Tulikuwa na ekari mbili za michungwa na mindimu, na kisima ambacho babu alikichimba kwa sururu. Bosi wa shangazi alitaka kumtuma mkaguzi mwingine, yeye akakataa. Alikuja mchana, bila polisi, akaketi sebuleni bila kuvua kofia ya kazi.

"Kaka, leo nimekuja kazini, sijaja nyumbani."

Baba akacheka. "Kazini, kwenye kiti changu?"

"Chumvi imepimwa, imezidi. Nafunga leo. Bomba litakuja wiki ijayo."

Baba alikoroga chai yake hadi ikapoa. Kisha akasema, "Funga. Nisikuaibishe." Akaenda naye, akamshikia mnyororo wakati akipiga lakiri kwenye pampu.

Bomba lilikuja kweli, na maji yake yalikuwa meupe, hayana harufu. Mwezi wa tano kingo za majani ya michungwa zikaanza kuungua. Mwezi wa nane matunda yalidondoka yakiwa madogo kama gololi. Baba aliandika barua mbili kwa mamlaka, hakujibiwa. Akamwambia shangazi. Shangazi akasema maji yale anayajua, ameyahangaikia miaka kumi na minne, ni safi kabisa.

"Safi ndiyo," baba akasema. "Hata maiti huoshwa akawa safi."

Wiki ile akaikata lakiri kwa koleo. Akawa anavuta maji saa za jua kali, wakati mtaa mzima umejifungia ndani. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mimi ndiye niliyeshika mpira wa maji.

Haukupita mwezi, kisima cha jirani yetu mfuga kuku, kilicho mbali zaidi na pwani na chenye kibali cha maji ya kunywa ya nyumba tisa, kikaingia chumvi. Vifaranga mia mbili walikufa kwa siku mbili. Alikuja na beseni limejaa mizoga akammwagia baba kifuani. "Umeniua!" alisema. "Umeniua nikiwa hai!" Akamrukia shingoni. Wakaangukia kwenye mfereji, wakagaagaa katika matope yaleyale ya maji ya wizi. Baba alipopata nafasi alimpiga kwa mpini wa jembe. Nilisikia taya likivunjika. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu. Mfuga kuku aliondoka akitema meno, mkono mmoja ukishikilia kidevu kisianguke.

Kesho yake asubuhi shangazi alirudi. Safari hii alikuja na polisi wawili, mwashi na gari la zege. Baba alikuwa amesimama juu ya ukingo wa kisima, mtaimbo mkononi.

"Shuka, kaka."

"Panda unishushe."

"Umemvunja mtu taya. Maji ya nyumba tisa umeyaharibu."

"Na miti yangu nani kaiua? Si wewe na maji yako ya maiti?"

"Nitaliangalia hilo. Naapa kwa kaburi la mama. Lakini shuka."

Akaweka mguu kwenye ukingo. Baba akampiga. Mtaimbo ulimpata chini ya kiwiko, nikauona mfupa ukichungulia, mweupe. Shangazi hakupiga kelele. Alikaa chini tu, kama mtu aliyechoka.

Polisi wakamwangukia baba. Virungu vilimshukia kichwani, sikioni, mbavuni, na alipoanguka wakaendelea kwa buti. Mama akapiga yowe. Mimi nikaokota jiwe, likampata polisi mmoja mgongoni. Kofi nililopata lilining'oa jino. Nikiwa chini, nilimwona shangazi akitambaa kwa mkono mmoja, mwingine ukiburuzwa, hadi akamlalia baba mwili mzima.

"Mwacheni! Mtaua mtu! Ni kaka yangu!"

Kirungu kimoja kilimpata yeye mgongoni kabla hawajaacha. Akabaki amelala hapo juu, akihema shingoni mwa baba. Mwashi alikuwa amesimama hajui la kufanya. Shangazi, bila kuinua uso, akamwambia:

"We mwashi, mimina."

Zege likamiminwa. Lilianguka mbali chini, kwa kishindo kizito, tena na tena. Baba alikuwa chini ya dada yake, damu inamtoka sikioni, analia kwa sauti.

Baba alifungwa miezi kumi na minane. Mahakamani shangazi aliulizwa nani alimvunja mkono, akajibu, "Mtoto wa mama yangu." Mtaani wakasema damu ni nzito kuliko maji, isipokuwa ya Spana. Mtu mmoja alimtemea mate sokoni. Mama alimfungia mlango, nami sikumsalimu mwaka mzima.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alichukua majani ya michungwa yetu na chupa za maji ya bomba akazipeleka maabara ya kiwandani, kwa rafiki yake wa zamani. Wakapata boroni. Ni kitu cha baharini kinachopenya kwenye vichujio. Kiasi kile hakimdhuru mtu, lakini kwa mchungwa ni sumu. Bosi alimwambia anyamaze. Hakunyamaza, akasimamishwa kazi. Alisimama mbele ya baraza la haki za maji mara tatu, mkono umepona vibaya, umepinda, hadi kanuni ikabadilishwa. Maji ya mashambani yachujwe mara mbili na kupimwa boroni, na aliyefungiwa kisima ajibiwe malalamiko yake ndani ya siku thelathini. Kati ya miti yetu tisini, ilipona kumi na moja.

Baba alirudi amekonda, sikio moja limekufa. Nilimpa karatasi ya uamuzi wa baraza. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kupogoa miti. Siku chache baadaye shangazi alisimama kwenye uzio.

"Unakata kama kinyozi mlevi," akasema.

"Fundi bomba anajua nini kuhusu miti?"

"Anajua kumtambua mtu aliyeikausha miti yake mwenyewe."

Baba akashusha msumeno, akamwelekezea tawi kwa kidevu. "Basi ingia ulishike. Kwa huo mkono mzima."

Hakuna aliyeomba msamaha siku ile, wala baadaye. Taya la mfuga kuku lilipona upande, na akila lazima aliegemeze kwa kiganja. Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Mara zote mbili alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango taratibu.